Kipandikizi Kilichobuniwa kwa Mwili Mwingine

Wanaume wenzangu waliobadili jinsia wanapoulizana kuhusu upasuaji wa kujenga uume, hawachelewi kufika kwenye kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa ndani ya uume ili kuusimamisha, na hapo ndipo uvumilivu wangu kwa watengenezaji wa vifaa tiba hupungua.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu. Harold Gillies, daktari aliyekuza mbinu ya kuviringisha ngozi iwe kama mrija alipokuwa akitibu askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliojeruhiwa nyuso, alianza mwaka 1946 kumjengea uume Michael Dillon, mwanaume aliyebadili jinsia, huko Uingereza, kwa awamu nyingi zilizochukua miaka. Siku hizi ngozi huchukuliwa mara nyingi kwenye mkono, pamoja na mishipa yake ya damu na neva, ambazo huunganishwa na neva za kinena ili hisia zirejee polepole.

Hata hivyo, uume huo hauna zile tishu zinazojaa damu. Kipandikizi cha kujazwa maji, kilichoanza kutumika mwaka 1973, kilibuniwa kwa wanaume waliozaliwa nazo, ambao miilini mwao tishu hizo hukishika na kukikinga mithili ya ala na kisu. Sisi hatuna ala hiyo, kwa hiyo madaktari wamelazimika kukikaza kwenye mfupa wa kinena, nacho huhama, hupata maambukizi au hutoboa ngozi mara nyingi zaidi kuliko kwa wale kilichokusudiwa. Ndiyo maana wengi hushauriwa wasubiri kwanza hisia zirudi, kwa kuwa kiungo kisichohisi maumivu hakiwezi kumwonya mwenyewe. Kipandikizi chenye kitako kilichobuniwa makusudi kwa mfupa huo, na pampu yenye umbo la korodani, kilikuja kutengenezwa Uswisi takriban miongo minne baadaye.

Kiungo cha silikoni kinachovaliwa ndani ya chupi, ambacho wengine hukitumia pia kukojoa wakiwa wamesimama, kimepuuzwa zaidi. Aliyepoteza sikio au pua hupimwa na mtaalamu, akatengenezewa kiungo kinacholingana na rangi ya ngozi yake. Mwanaume aliyebadili jinsia, kwa kawaida, hukisia ukubwa mwenyewe na kuagiza kutoka duka linalokipanga pamoja na vifaa vya starehe. Sioni sababu ya kitaalamu ya tofauti hii. Wapo wasiotaka upasuaji kabisa, na wapo wanaoishi miezi mingi kati ya awamu moja na nyingine. Wote wanahitaji kupimwa, kurekebishiwa na kubadilishiwa kiungo kliniki. Anayejiandaa kwa kipandikizi naye amwulize daktari mapema ni nani atakayekitengeneza kikiharibika, maana hakuna kinachodumu maisha yote, na kukibadilisha ni upasuaji mwingine.