X za Septemba

"Mama, hizi X ni za Hisabati?"

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Sebule imejaa mikasi, gundi na vipande vya karatasi. Kitindamimba wangu nilimtuma uvunguni akalete kalenda kuukuu za kutia kava madaftari, maana karatasi yake nzito haichaniki mpaka muhula uishe. Karudi na ya 2016. Septemba ina X 24 za kalamu nyekundu. Nikamwambia ndiyo, ni hesabu. Akauliza nilipata ngapi.

Mwaka ule nilikuwa bado Muheza kwa Mama Mkubwa, nauza kwenye lile duka lake la dawa muhimu, ng'ambo ya pale yanapopakiwa machungwa. Kipandauso, yale maumivu makali ya kichwa ya kujirudiarudia, nilikuwa nacho tangu sekondari, ila zamani kilikuwa na adabu: mara mbili kwa mwezi, siku moja, kimepita. Kufikia 2016 kilikuwa hakiagi. Naamka nacho kiko tayari, kushoto, nyuma ya jicho, kinapwita. Nikiinama kufungua kufuli la chini la mlango ndiyo kinapanda. Taa ya tyubu juu ya kaunta siwezi kuitazama. Mtu akiingia na kanga iliyofukizwa udi, nakimbilia uani kutapika.

Nilishapita kote. Vipimo vitatu vya malaria, vyote safi, na bado nikajimezesha dozi ya mseto kwa ushauri wangu mwenyewe. Miwani nilinunua, ikanisaidia kusoma. Shangazi wa Pangani alinichanja chale tatu kila upande wa panja akasugua dawa nyeusi. Alama ninazo mpaka leo. Kanga iliyokazwa kichwani ilifaa kidogo, nadhani kwa sababu mwanamke aliyejifunga kanga kichwani namna ile hakuna anayemuomba chakula.

Dawa yangu hasa ilikuwa rafuni, hatua mbili kutoka kwenye kiti: vile vidonge vya mchanganyiko, aspirini, parasetamoli na kafeini ndani ya kidonge kimoja. Kimoja saa moja asubuhi, nangoja. Kingine saa tano. Jioni diklofenaki. Na sikuwa mwizi. Kila nilichotoa nilikiandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wenye jina langu, tarehe na idadi, Mama Mkubwa akate mwisho wa mwezi. Yeye ndiye aliyeshtuka. "Wewe mtoto, mshahara wako wote unaumeza!" Mwanzoni mwa Oktoba akanipa nauli ya Tanga na jina la daktari mmoja mzee, karibu kustaafu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, binti. Unaumwa nini?"

Aliniuliza maswali ambayo mimi, muuza dawa, sikuwahi kumuuliza mteja hata mmoja. Kilianza ghafla kama radi au polepole? Kina homa na shingo kukakamaa? Mkono au mguu wa upande mmoja umewahi kulegea? Una mimba? Kabla ya kuuma, unaona mistari inayometameta, iliyokatika kama meno ya msumeno? Na kama unaiona, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vya homoni mbili? Maana mistari ile na vidonge vile vikikutana, hatari ya kiharusi inapanda. Akanimulika macho kwa tochi, akanikunja shingo, akanitembeza kisigino mbele ya vidole kama mlevi anayepimwa na trafiki. Hakuona kitu cha kutisha.

"Dawa unameza siku ngapi kwa mwezi?"

"Si nyingi, daktari. Kikizidi tu."

"Kinazidi siku ngapi?"

Nikanyamaza. Kwenye mkoba nilikuwa na daftari la madeni, kwa kuwa nilipanga nikitoka pale nipitie kwa muuzaji wa jumla. Sijui kwa nini nililitoa.

Akavuta droo, akatoa kalenda ya ukutani, zile zinazogawiwa mwaka mpya na zinabaki zimekunjwa mpaka mwaka unaisha. Akaifungua Septemba, akaikandamiza kwa glasi ya maji ili isijikunje, akachukua kalamu nyekundu. Mimi nisome, yeye aandike.

"Tarehe moja, viwili," nikasema.

"Idadi usinisomee. Nataka siku."

Tarehe moja. X. Tarehe mbili. X. Tarehe nne. Aliandika X kwa makini, mstari mmoja, halafu wa pili, kama fundi anayepima kitambaa asichotaka kukiharibu. Nje nesi anaita majina. Feni inazunguka na kutoa mlio mmoja kila mzunguko, nami nausikia ndani ya jicho. Nilipofika tarehe kumi na mbili nikaanza kusoma polepole. Tarehe kumi na saba nilikuwa nimeandika mara tatu, asubuhi, mchana na usiku. Nikasubiri aseme neno. Akaweka X moja. Mwandiko ulikuwa wangu, nadhifu, sikuruka hata shilingi. Mwisho wa ukurasa akahesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika 24 pembeni.

"Vidonge vitatu siku moja si tatizo kubwa kama kimoja kila siku," akasema. "Hivi vya mchanganyiko, ukifika siku kumi kwa mwezi, umevuka. Parasetamoli peke yake au ibuprofeni peke yake, siku kumi na tano. Ukienda hivyo zaidi ya miezi mitatu, kichwa kinaanza kuletwa na dawa yenyewe. Na kafeini iliyomo ndani, ikiisha mwilini, nayo inadai. Unamlipa mdai, kesho karudi."

Nikajitetea kwamba dozi zilikuwa ndogo. Akasema hilo nalo ni kosa: nilikuwa nadonoa. Kipandauso ukikidonoa kinakuachia uchungu wote, na unabaki umemeza.

Halafu akafunua ukurasa wa pili. Pale juu paliandikwa Mama Machungwa, jina tulilompa sisi. Vidonge vilevile. Tarehe zimebanana kuliko zangu.

"Na huyu ni mfanyakazi mwenzako?"

"Huyo mteja."

Akanitazama juu ya miwani, akalifunga daftari, akanirudishia. Hakusema kitu.

Mengine nitayapitia haraka. Vidonge vya mchanganyiko vilikoma siku ileile. Vya aina hiyo unaweza kuviacha kwa mkupuo. Wanaotumia dawa kali za jamii ya afyuni wasijaribu, hao hushushwa polepole na daktari. Alinionya kwamba kitazidi kabla ya kupungua, siku mbili hadi kumi. Kwangu zilikuwa saba, nne za mwanzo nimelala mkekani stoo, baina ya maboksi ya dripu, natapika hadi uji.

Kwa siku za shambulio alinipa ibuprofeni miligramu 400, na chakula kidogo, pamoja na metoklopramidi miligramu 10. Hii ya pili sikuielewa mpaka aliponieleza: kipandauso kikianza, tumbo linagoma. Kidonge kinakaa tumboni palepale bila kwenda kwenye utumbo, ndiyo maana ukimeza saa mbili baada ya maumivu kuanza unaona dawa ni feki. Meza mwanzoni, au usimeze. Na isizidi siku mbili kwa wiki. Aliitaja pia sumatriptani, ya miligramu 50, iliyotengenezwa kwa ajili ya kipandauso hasa. Inabana mishipa ya damu, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo haigusi, nayo mpaka wake ni zile siku kumi. Dukani kwetu haikuwahi kufika.

Kisha dawa ya kuzuia, ambayo unaimeza uwe unaumwa au huumwi. Kwanza alifikiria propranololi, akaiacha niliposema nilikuwa na pumu utotoni. Akaandika amitriptilini: kidonge cha miligramu 25 ukikate katikati, umeze nusu yake, saa mbili kabla ya kulala, kwa wiki mbili, halafu kizima. Nikamwambia hii si ya sonona? Akasema kwa sonona dozi yake ni kubwa kuliko hii, na kichwa hakisomi maandishi ya kwenye boksi. Kinywa kikakauka kama nimelamba unga, asubuhi nikawa naamshwa kwa kutikiswa, na nikaongezeka kilo nne. Nilitaka kuiacha wiki ya tatu. Alishaniambia nisiihukumu kabla ya wiki nane, na ni kweli, wiki ya tatu haikuwa imefanya lolote.

Kalenda nilienda nayo nyumbani. X kwa siku ya kichwa, duara kuzunguka X kwa siku niliyomeza dawa ya maumivu. Oktoba 21. Novemba 13. Desemba 8, duara 5. Hakikuisha. Mpaka leo hakijaisha, nikichelewa kula mchana au nikilala sana Jumapili nakiona kinakuja, lakini kinakuja kama mgeni na kinaondoka.

Nilichotaka kusema ni cha asubuhi ile niliyorudi kazini. Mama Machungwa alikuwa wa kwanza, kasimama mlangoni na tenga lake, kajifunga kitenge kichwani. "Nipe vyangu, mwanangu." Nikampa. Nikaandika. Nikampa Oktoba yote na Novemba yote, huku kalenda yangu ikining'inia nyuma ya mlango wa stoo. Desemba ndiyo nikapata ujasiri, nikamuuliza, mama, hivi vidonge unameza siku ngapi?

"Unanihesabia?" Akacheka, akabeba tenga lake. Kuanzia kesho yake akawa anavuka barabara kwenda duka la pili, la yule kijana ambaye hamuulizi mtu kitu. Kabla ya kuhama alikuja kulipa deni lake lote, mpaka shilingi ya mwisho, nikampigia mstari.

Oktoba nimempa mtoto akatie kava daftari la Sayansi, Novemba la Kiswahili. Septemba nimeomba nibaki nayo.

"Kwani ulifeli?"