Kipande Kilichopeperushwa na Upepo

Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo mwaka huu, baada ya Komunyo, kitinda mimba wangu alinivuta shati. Padre alikuwa ameinama juu ya altare, anapitisha kidole kwenye patena, ile sahani ya mkate wa Komunyo, anaitazama, anapitisha tena. "Baba, anatafuta nini na ameshagawa zote?" Nikamwambia nitamweleza nyumbani. Nyumbani nikaanza, chakula kikaiva, watu wakaitwa mezani na habari ikaishia hapo. Acha niiandike.

Ilikuwa kiangazi cha 2005, niko kwenye mwaka wa kichungaji, ule wa mseminari kufanya mazoezi parokiani, nasubiri kurudi seminari ya Kipalapala. Kanisa zima lilikuwa katika Mwaka wa Ekaristi. Papa Yohane Paulo II ndiye aliyeutangaza, akafariki Aprili kabla haujaisha, na mwaka ukaendelea hadi Oktoba. Seminarini tulikuwa tumeusoma waraka wake wa 2003 juu ya Ekaristi, pale anapokumbuka Misa alizoadhimisha kwenye njia za milimani, kando ya maziwa na pwani ya bahari. Kanuni ya 246 ya Sheria za Kanisa nilikuwa naijua kwa kichwa: adhimisho la Ekaristi liwe kiini cha maisha yote ya seminari, waseminari wachote humo nguvu kila siku. Ungeniamsha usiku wa manane ningekueleza.

Paroko niliyepelekwa kwake alikuwa Mgogo, mtu mzima sana, magoti yamemchoka. Hakuwa msemaji. Jumapili ile alinipakia nyuma ya pikipiki ya parokia tukashika njia ya kigango, kituo kidogo cha parokia, kimoja cha mbali upande wa Bahi, ambako Misa ilikuwa haijaadhimishwa tangu mvua. Tulipofika watu walikuwa wamekwisha kusanyika, wengine wametoka vigango vya jirani kwa miguu tangu usiku. Padre akawaamkia, "Mbukwenyi!", akakaa kwenye kigoda nyuma ya mbuyu kuungamisha, na jua likapanda hasa ndipo tukaanza. Kanisa lao la udongo halikutosha hata nusu ya watu, kwa hiyo altare ilikuwa meza ya shule chini ya mbuyu, imetandikwa kitambaa cheupe na kufungwa kamba pembeni kwa sababu ya upepo. Anayeijua Dodoma ya Agosti anaujua upepo huo.

Hostia, vile vimkate vya Komunyo, hazikutosha. Ugogo ni nchi ya uwele na mtama, na Kanisa linataka mkate wa ngano tupu, hivyo hostia zetu zilitoka kwa masista mjini, na paroko alikuwa amekadiria kwa hesabu ya kigango kimoja. Divai haikuwa tatizo, ardhi yetu inazaa zabibu. Wakati wa wimbo wa Mwanakondoo wa Mungu nilidhani ataimega ile hostia kubwa kama kawaida tuendelee. Akaimega. Kisha akachukua ndogo, akaimega mara mbili. Akachukua nyingine. Wimbo ukaisha, katekista akauanzisha upya, ukaisha tena, na bado anamega, mpaka vipande vikawa vidogo kama ukucha wa mtoto. Mtaguso wa Trento ulikwisha tamka mwaka 1551 kwamba Kristo yumo mzima katika kila sehemu. Hilo nalo nilikuwa nimelifanyia mtihani. Lakini kulisoma ni jambo moja, na kumwona mzee anayetetemeka vidole akilifanyia kazi juani, ili asibaki hata mmoja, ni jambo lingine.

Tukaanza kukomunisha, mimi nimeshika patena ya kukinga kidevuni. Karibu na mwanzo wa mstari alikuja bibi mmoja amejitanda kaniki, amefumba macho, kinywa wazi. Padre akainua kipande, "Mwili wa Kristo," na hapo hapo kisulisuli kikapita katikati yetu. Kanga zikapanda, kitambaa cha altare kikapiga kama bendera, na kile kipande kikamtoka Padre vidoleni. Nilikiona kikiondoka. Kikapita juu ya patena yangu na kuingia kwenye vumbi.

Padre hakupaza sauti. Alirudi hatua mbili, akaweka siborio, chombo cha hostia, juu ya altare, akaniambia, "Funika, Frateri. Asikanyage mtu." Nikaweka viganja vyangu viwili juu ya siborio na kuinama ili mgongo ukinge upepo. Yeye akakunja kasula, vazi lake la Misa, akapiga magoti yale mabovu, moja kwanza, halafu la pili, akaweka mikono chini na kuanza kutafuta.

Vumbi la pale ni jekundu, lina mchanga mweupe mweupe na maganda ya ubuyu. Kila kitu cheupe kilifanana na kile anachokitafuta. Alikuwa anasogeza chembe kwa ncha ya kidole, anaangalia, anaiacha, anasogea tena kidogo, paji la uso karibu liguse ardhi. Wimbo ulikuwa umekatika. Watu wote walikuwa wamepiga magoti pale pale walipokuwa. Kisha kina mama wa mbele, bila kuambiwa na mtu, wakavua kanga za mabegani, wakashikana pembe na kuzinyoosha kuwa ukuta upande unakotoka upepo. Walikaa hivyo, mikono juu, watoto wamewafunga mgongoni. Na yule bibi alikuwa bado amesimama, kafumba macho, kinywa hajakifunga.

Alikipata kwenye mzizi wa mbuyu. Akakiweka kinywani pamoja na vumbi lake, na kwa karibu nilivyokuwa nilisikia mchanga ukisagika menoni mwake.

Akaomba maji. Mama mmoja kijana akaleta ndoo yake, ya maji yaliyochotwa kwenye shimo la korongoni, na maji ya namna hiyo hujaza ndoo moja kwa nusu asubuhi. Utaratibu wa siku hizi unataka tu kipande kiokotwe kwa heshima. Kuosha mahali kilipoangukia na kukwangua udongo ni desturi ya misale ya zamani, aliyoisomea yeye ujanani. Alimimina kidogo, kwa kipimo, akijua thamani ya kile alichopewa. Akakwangua tope kwa vidole, akalifunga kwenye kitambaa, na baada ya Misa akalifukia chini ya ukuta wa kanisa mahali pasipopitwa na mtu. Kisha akainuka kwa kushika meza, akanawa, akanipokea siborio na kurudi kwa yule bibi.

"Mwili wa Kristo."

"Amina."

Na vikatosha. Vikabaki vitatu au vinne, akavila mwenyewe.

Njiani tulisimama kupoza pikipiki, nikamwuliza alikuwa anawaza nini pale chini. Nilitarajia teolojia. Akasema, "Wale wametembea tangu usiku, Frateri. Ningewaambia tuendelee tu?" Akawasha pikipiki.

Nilirudi Kipalapala kwa treni, Manyoni, Itigi, Tabora, na Misa ya alfajiri haikuwa tena kengele ya kwanza ya ratiba. Nilikuwa naangalia mikono ya kila padre aliyeadhimisha. Nilikuwa nawaza wale walionyoosha kanga, na kujiuliza kama nitakuja kuwafaa. Nadhani humo ndimo padre anamopikwa, katika siku nyingi za Misa ile ile, mbele ya mtu anayeiamini kwa mwili wake wote, magoti yakiwemo. Lakini nikisema hivyo najikwaa. Tulikaa kanisa moja, tukala mkate mmoja. Wenzangu wengi ni mapadre wazuri leo, na mimi niliyeona kwa karibu kuliko wao niliomba ruhusa nikatoka kabla ya ushemasi, daraja linalotangulia upadre. Wanaonisoma siku nyingi wanazijua sababu, na sina jipya la kuongeza juu yake.

Paroko yule amezikwa sasa. Gombera, mkuu wa seminari, aliponiuliza siku ya kuaga kama kuna chochote nitakachobaki nacho, nilitaja masomo na marafiki. Ya kule Bahi yalikataa kutoka mdomoni. Nilipoifunika siborio ile kwa viganja, moyo wangu haukuwa na haja nyingine. Kama huo ndio uliokuwa wito wangu nikaupita, au ulikuwa mwaliko wa kila aliyekuwepo pale, hata yule mama mwenye ndoo, sijaweza kuamua, na nimeshamwuliza Mungu mara nyingi.