Kununua Kuni Msituni

Leo ni Alhamisi, tarehe 16 Aprili. Hapa Minneapolis mabaki ya theluji bado yamejikunyata kando ya barabara, nami tangu saa moja na nusu asubuhi nimeketi mbele ya kompyuta nikishughulikia safari ya mwezi Agosti. Hifadhi za jimbo la Minnesota hufungua nafasi za kupiga kambi siku 120 kabla ya siku ya kufika, saa mbili kamili asubuhi, na mwaka jana nilijifunza kwa hasara kwamba anayejikongoja hadi saa nne huachiwa viwanja vilivyo jirani na vyoo. Ilipotimia saa mbili nilibonyeza, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimepata malazi ya usiku tatu katika Hifadhi ya Itasca, kambi ya Bear Paw, kuanzia Ijumaa ya tarehe 14 Agosti.

Furaha hiyo haikudumu. Kiwanja kimoja kwa kawaida ni cha watu sita, na sita ndio sisi: mama, ambaye atafika kutoka Tabora mwezi Julai, mimi, mke wangu na watoto watatu. Shemeji yangu alipopata habari akasema naye anakuja na mkewe, akalisema jambo hilo kama mtu anayetangaza habari njema, wala sikuwa na ubavu wa kumjibu kwamba nafasi imejaa. Kwetu mgeni huongezewa maji kwenye mchuzi. Hapa huongezewa kiwanja. Nililipia cha pili, ambacho hakikupakana na cha kwanza, na sasa watoto wanabishana nani atalala kwa mjomba.

Mama nilimpigia simu mchana kumweleza mpango wote, nikitarajia aniulize kwa nini tulipe fedha ili tukalale chini wakati tuna nyumba. Hakuuliza hilo. Yeye ameolewa katika ukoo wa warina asali, na anajua kambi ni nini kuliko mimi. Baba mkubwa alikuwa akiingia katika misitu ya miombo kwa wiki kadhaa akiwa na unga, chumvi, sufuria moja, shoka na kamba za kutundikia mizinga ya magome, na aliporudi alinuka moshi hadi kwenye kope. Mama aliuliza maswali ya mtu anayejua: maji yako umbali gani, usiku kuna mnyama gani, na kuni tutaokota wapi.

Maji si taabu, kwani bomba liko hapo hapo kambini. Kuhusu mnyama nilimwambia ukweli, kwamba wapo dubu weusi, kwa hiyo chakula chote, hata dawa ya meno, kitalala ndani ya gari. Sikumficha pia kwamba mwaka jana, katika hifadhi nyingine ndogo, hatukushindwa na dubu bali na rakuni, mnyama mwenye ukubwa wa fungo na vidole vya mwizi, aliyefungua sanduku letu la barafu usiku wa manane na kutuachia vitunguu tu. Mama alicheka kwa muda mrefu. Kupe wa huku wanaoeneza ugonjwa wa Lyme nilimtajia kwa kifupi, nikaahidi kununua soksi ndefu.

Tulipofika kwenye kuni ndipo tulipokwama. Katika hifadhi hizi hairuhusiwi kuokota hata ukuni uliolala chini, na hairuhusiwi kuja na kuni kutoka nyumbani. Zinazokubalika ni zile zilizothibitishwa, zinazouzwa pale pale au kwa wauzaji walioidhinishwa. Mama alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, yaani mtakuwa msituni, mmezungukwa na miti, halafu mnunue kuni?" Nilikiri kwamba mimi mwenyewe, nilipousoma utaratibu huo kwa mara ya kwanza miaka kadhaa iliyopita, niliuona kuwa ni biashara iliyovishwa koti la sheria.

Kilichonibadilisha ni mti uliokuwa mbele ya nyumba yetu. Ulikuwa wa aina ya ash, ile miti ya kivuli iliyopandwa kwa wingi katika mitaa ya mji huu, nao ulianza kukauka kutoka juu, hadi siku moja wakaja watu wa miti wakaukata. Chini ya gome palikuwa na vijia vilivyopindapinda kama maandishi ya mtoto. Hiyo ni kazi ya mabuu wa mdudu mdogo wa kijani king'aacho, mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa katika jimbo la Michigan mwaka 2002 na kufika Minnesota mwaka 2009. Mabuu hao hukata njia ambazo mti hupitishia chakula na maji, na ndani ya miaka michache mti hufa. Mdudu mwenyewe haruki mbali. Anayemsafirisha ni mpiga kambi aliyepakia kuni nyuma ya gari lake, akaendesha kilomita 350, akabakisha vipande viwili kando ya jiko.

Niliitafuta namna ya kumweleza mama hayo, nikakumbuka dumuzi. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa zaidi. Mdudu huyo wa mahindi asili yake ni Amerika ya Kati, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tabora ndiko alikoonekana kwanza Afrika, akageuza maghala kuwa vumbi. Watu wakamwita Skania, kwa jina la malori yaliyokuwa yakipita na magunia. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka mlio wa gunia lililojaa wadudu, kama mvua nyembamba juu ya majani makavu. "Kumbe ni Skania wa miti," mama akasema, na mjadala wa kuni ukaisha hapo.

Baada ya simu niliendelea na orodha. Itasca ndiyo hifadhi ya jimbo kongwe kuliko zote za Minnesota, iliyoanzishwa mwaka 1891, na ndiko unakoanzia Mto Mississippi, ukiwa kijito ambacho mtoto huvuka kwa kukanyaga mawe. Mwaka 1832 mpelelezi Mmarekani Henry Schoolcraft aliongozwa hadi kwenye ziwa unakotoka mto huo na Ozawindib, kiongozi wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, kisha akaliundia ziwa jina la Itasca kutokana na maneno mawili ya Kilatini, veritas (ukweli) na caput (kichwa), kwa kuchukua mkia wa neno la kwanza na kichwa cha la pili. Waojibwe walikuwa na jina lao. Nimezaliwa Tabora, mji ambao Speke, mpelelezi Mwingereza, aliondokea mwaka 1858 kwenda kulitafuta Ziwa Viktoria, lililojulikana na kila mvuvi wa pwani zake, kwa hiyo habari hiyo nilisoma kama niliyewahi kuisikia.

Hema nimelikita sebuleni ili kuhesabu vigingi. Vimepungua viwili. Nikiwa bado nimepiga magoti, ujumbe wa mama ukaingia: "Waulize hao wenye msitu kama wana habari kwamba Skania alitoka huko kwao. Na uninunulie soksi za sufu, za miguu mipana."

Nimeziandika soksi. Kuni nimeandika: pale pale, mafungu manne.