Siku niliyomsogezea mke wangu bili

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Njiro, Arusha. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa naleta pesa nyumbani. Machi 2020 korona ilipoingia, mgonjwa wa kwanza akapatikana hapa hapa Arusha, safari zangu za Serengeti na Ngorongoro zikafutwa moja baada ya nyingine. Gari likalala uani mpaka majani yakaota kuzunguka matairi. Mwaka huo huo mke wangu, mhasibu, akapandishwa cheo kuwa mkuu wa idara.

Watalii walirudi, ila mshahara wake ulishanipita mbali. Nikaanza kununa. Akichelewa kazini namuuliza ameolewa na mimi au na ofisi. Akinunua sofa namwambia nyumba si yake peke yake. Naandika haya kwa aibu, maana hakuwa amenikosea kitu.

Kilichoniuma zaidi ni meseji. Tukitoka kwenda kula nyama choma na ndugu, tukiwa bado njiani simu yangu inalia: kanitumia laki moja, ili bili ikija nilipe mimi. Hasemi neno. Nami nalipa, shemeji zangu wananisifu, narudi nyumbani na hasira nisiyojua ni ya nani.

Nikamfuata mshenga wetu, mzee wa Moshi aliyenipeleka kwa wakwe. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akauliza, "Mwanangu, wewe ulipokuwa unaleta, yeye alikuhesabia?"

Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilimwekea mke wangu kila kitu mezani: tipu, deni la gari, na jinsi Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, naweza kukaa wiki nzima bila mgeni. Alilia. Kumbe muda wote alidhani nina pesa namficha, kuna mwanamke mwingine. Tukapangana. Ada yeye, chakula na umeme mimi, na masika mimi ndiye wa kuamsha watoto, kupika uji na kuwapeleka kwenye gari la shule. Mama yangu alipouliza nimekuwaje, nilimjibu mwenyewe, sikumwachia mkwewe mzigo huo.

Jumapili moja tukaenda tena kula nyama. Simu yangu haikulia njiani. Mhudumu akaleta bili, akaiweka mbele yangu. Shemeji zangu wote wapo. Nikaisogeza.

"Mama watoto, leo lipa wewe."

Akafungua pochi kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umenishika goti chini ya meza.