Kijito Kinapokauka

Somo: 1 Wafalme 17:1-16

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Tukizungumzia majira ya maisha, wengi wetu hukimbilia Mhubiri 3, wala si vibaya. Mhubiri anataja nyakati 28, jozi 14, kuanzia kuzaliwa na kufa hadi vita na amani. Ila naona maneno yale huingia vizuri zaidi majira yakishapita. Ukiwa katikati ya badiliko, unatamani kumwona mtu aliyepita humo kabla yako. Wiki hii nimekaa na nabii Eliya.

Mungu alimwambia aende akajifiche karibu na kijito cha Kerithi. Akaenda. Kunguru wakamletea mkate na nyama asubuhi, mkate na nyama jioni, na maji akanywa ya kijito. Kisha mstari wa 7 unasema kijito kikakauka, kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi.

Nimeupita mstari huo mara nyingi bila kusimama. Safari hii umenishika. Eliya hakuwa amepotea njia. Alikuwa palepale alipoagizwa, na maji yakamkaukia. Tena ukame ule yeye ndiye aliyeutangaza mbele ya mfalme Ahabu; Yakobo 5:17 inasema aliomba kwa bidii mvua isinyeshe. Ombi lake lilijibiwa, na jibu hilohilo likamaliza maji yake.

Kijito hakikauki kwa siku moja. Namwona akikitazama kikipungua: leo maji yako kifundoni, siku nyingine anachota kwa kiganja, tena baada ya kungoja tope litulie. Agizo la kwenda mji wa Sarepta, kwa mjane atakayemlisha, linakuja mstari wa 8 na wa 9, kijito kikiwa kimeshakauka.

Nimelea watoto kwa miaka mingi, na kila siku ya shule niliamka saa kumi na moja alfajiri. Mwaka huu kitindamimba wangu ameondoka kwenda kuanza maisha yake. Niliiombea siku hiyo kwa machozi, wakue, wasimame kwa miguu yao. Imefika. Asubuhi ya kwanza niliamka saa ileile, nikaenda hadi mlangoni kwake, nikashika kitasa, ndipo nikakumbuka. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kwenye msumari nyuma ya mlango ilining'inia tai ya shule, fundo lake vilevile alivyoliacha. Nilisimama pale nikijiuliza nimemkosea Mungu wapi hata moyo uwe mkavu kiasi hiki.

Sikuwa nimekosea. Na wewe ambaye kazi imekwisha, au mwili hauna tena nguvu za huduma uliyoipenda, usiharakishe kujihukumu. Kama kuna dhambi, Roho Mtakatifu atakuonyesha, naye hutaja jambo kwa jina lake. Lile wingu la lawama lisilo na jina, linalokufuata jikoni na kitandani, mimi nimeacha kulipokea kama sauti yake.

Kuna jingine gumu zaidi. Kule Kerithi Eliya hakuhitaji kumwomba mtu chochote. Sarepta, neno lake la kwanza kwa yule mjane ni ombi: maji kidogo chomboni anywe. Nabii mzima, anamwomba mjane wa nchi ya kigeni anayeokota kuni za kupikia chakula cha mwisho, yeye na mwanawe! Kijito hakikumdai unyenyekevu huo. Hapo ndipo nilipokwama mimi, maana nimezoea kuwa mtoaji. Kuwafariji wengine najua. Kusema "naomba uje" kulinichukua wiki tatu.

Jumamosi nilimpigia simu dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi, mwenye mtoto mdogo, nikamweleza ukweli kwamba nyumba imekuwa kimya mno, waje walale kwangu. Wakaja. Tuliomba hadi usiku mwingi, na mtoto akalala kwenye kitanda kile. Saa kumi na moja niliamka kama kawaida, nikaenda mlangoni, nikafungua polepole. Shuka lilikuwa limeanguka chini. Nikaliokota, nikamfunika.