Kilichokuwa Kikiijaza Diski Yangu

Jumatatu jioni kompyuta yangu ilikataa kuhifadhi hati niliyokuwa nikiiandika tangu asubuhi. Ujumbe mfupi uliniarifu kwamba nafasi haitoshi, na nilipofungua dirisha linaloonyesha hali ya diski niliukuta ule mstari, ambao kwa kawaida huwa wa buluu, umekuwa mwekundu karibu wote, na chini yake imeandikwa kwamba zimebaki megabaiti 310 kati ya gigabaiti 238. Hati yenyewe niliiokoa kwa kuihamishia kwenye flashi.

Nilichokifanya baada ya hapo kinaniuma hadi leo. Badala ya kujiuliza nafasi imekwenda wapi, niliingia kwenye folda ya picha, kwa sababu ndiyo niliyoizoea na ndiyo niliyodhani kuwa nzito kuliko zote, nikaanza kufuta. Nilifuta picha 212, nyingi zikiwa za mpwa wangu alipokuwa mdogo, zile nilizoziona zina ukungu kidogo au zinazofanana na nyingine, kisha nikalimwaga pipa la taka ili nafasi irudi papo hapo. Nilipata megabaiti mia nane na ushee. Jumatano asubuhi mstari ulikuwa mwekundu tena.

Ndipo nilipokubali kwamba sina budi kupima kwanza. Windows huonyesha ukubwa wa kila faili, lakini ukubwa wa folda hauonyeshi mpaka uibofye moja moja, ufungue sifa zake na usubiri hesabu ikamilike. Mtu mwenye maelfu ya folda hawezi kuipata picha nzima kwa njia hiyo. Tena baadhi ya folda zimefichwa kabisa, ikiwemo AppData, ambamo programu nyingi huweka vitu vyake bila kumuuliza mwenye kompyuta. Nilisakinisha WinDirStat, programu ya bure ambayo imekuwapo tangu 2003, nikaiacha iipitie diski yote. Ilichukua dakika kama sita. Ilipomaliza, nusu ya chini ya dirisha ilijaa mistatili ya rangi mbalimbali: kila mstatili ni faili moja, eneo lake hulingana na uzito wake, rangi yake hufuata aina ya faili, na faili za folda moja hukaa pamoja.

Nilitaka kujua mchoro wa namna hii ulitoka wapi, nikasoma kwamba ulibuniwa na Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mnamo 1990, kwa sababu ya tatizo hilihili langu. Maabara yao ilikuwa na diski moja ya megabaiti 80 iliyotumiwa na watu 14, nayo ilipojaa hakuna aliyeweza kusema kwa urahisi ni nini kilichoijaza. Megabaiti 80 ni kama picha ishirini za zile nilizofuta. Watu 14 waligawana nafasi hiyo, na bado mmoja wao aliona kwamba kazi ya kwanza ni kuona, ndipo yafuate mengine.

Folda yangu ya picha, ile niliyoishambulia siku ya Jumatatu, ilikuwa kipande kidogo pembeni mwa mchoro, gigabaiti 17 tu. Nililitazama umbo lile kwa muda mrefu.

Vipande vikubwa vilikuwa vingine kabisa. Programu ninayotumia kuhariri video ilikuwa imelimbikiza gigabaiti 31 za kache, yaani nakala za muda za kila video niliyowahi kuifungua, hata za kazi nilizozikamilisha na kuziondoa zamani. Kulikuwa na faili moja peke yake, hiberfil.sys, yenye zaidi ya gigabaiti 6. Hiyo ndiyo ambamo Windows huandika yaliyomo kwenye kumbukumbu ya RAM kompyuta inapolazwa usingizi mzito, na ukubwa wake hufuata ukubwa wa RAM. Kwa kuwa mimi huizima kompyuta kila usiku, niliiondoa kwa amri ya powercfg /h off, nikijua kwamba pamoja nayo nauondoa uwashaji wa haraka. Sijaona tofauti ya kunisumbua.

Folda ya WinSxS, ambamo Windows hutunza vipande vya mfumo wake, nusura initie kwenye kosa la pili. Ilionekana kubwa mno, na ndani yake mna mambo ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyatambua, kwa hiyo kishawishi cha kuyafuta ni kikubwa. Lakini faili nyingi zilizomo humo ni zilezile zinazoonekana pia kwenye folda nyingine za mfumo: faili moja kwenye diski, yenye majina mawili, inayohesabiwa mara mbili. Kuipunguza kwa mkono kunaweza kuufanya mfumo ushindwe kusasishwa au hata kuwaka. Kwa hiyo niliitumia zana ya kusafisha diski ya Windows yenyewe, ambayo inajua lipi limepitwa na masasisho na lipi bado linahitajika, nikaiacha hapo.

Jambo jingine lililonichanganya kwa muda ni kwamba jumla ya vyote nilivyoviona haikufika kiasi ambacho diski ilidai kimetumika. Zilikosekana gigabaiti 12. Zile 18 zinazopungua kati ya 256 zilizoandikwa kwenye sanduku na 238 zinazoonyeshwa nilikwisha kuzielewa, maana mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Hapo hakuna kilichopotea. Hizi 12 ni nyingine. Nilipoiendesha upya WinDirStat kwa mamlaka ya msimamizi, ikaweza kufungua folda ya System Volume Information, na humo zikaonekana: ni pointi za kurejeshea mfumo, yaani kumbukumbu za hali ya awali ya Windows, zilizokuwa zikitunzwa moja baada ya nyingine. Niliiacha ya mwisho, nyingine nikazifuta.

Lakini kipande kilichovishinda vyote kilikuwa upande wa kushoto, gigabaiti 57 za rangi moja tupu, kama kiraka. Niligusa mstatili mmoja, nikaona njia inayoingia ndani ya AppData hadi kwenye folda ya programu inayounganisha simu na kompyuta. Kila faili humo jina lake ni mfululizo wa herufi na tarakimu 40, bila kiambishi chochote cha kuonyesha ni ya aina gani. Zilikuwa nakala rudufu tatu za simu, mbili kati ya hizo ni za simu ambazo sinazo tena.

Nusura nizifute zote tatu kwa mpigo. Kilichonizuia ni kumbukumbu ya Jumatatu. Nilichukua faili moja yenye megabaiti 3 na ushee, nikanakili nje ya folda ile, nikaongeza .jpg mwishoni mwa jina lake, nikaibofya. Ikafunguka picha ya mpwa wangu amekaa sakafuni na kiatu cha baba yake mkononi, sura yake imetoka na ukungu kidogo kwa sababu alikuwa anatikisa kichwa. Ni mojawapo ya zile 212.

Nieleze kwa nini hilo lilikuwa na uzito kwangu. Siku ya Jumanne nilikuwa nimejaribu programu ya kurudisha faili zilizofutwa, ikanionyesha majina ya picha kadhaa, lakini kila niliyoirudisha ilikuwa tupu, sifuri mwanzo hadi mwisho. Diski yangu ni ya SSD, yaani isiyo na sahani inayozunguka, na kwenye diski za namna hiyo faili inapofutwa kabisa, Windows huitumia diski amri iitwayo TRIM, inayoiambia kwamba sehemu zile hazina kazi tena, nayo ikaweza kuzisafisha wakati wowote. Kwa hiyo nilikwisha kukata tamaa.

Nilinunua diski ya nje, nikahamishia nakala zote tatu, nikahakikisha idadi ya faili na jumla ya baiti zinalingana pande zote mbili, ndipo nikaziondoa kwenye kompyuta. Kache ya video niliifuta kupitia mipangilio ya programu yenyewe na kuiwekea kikomo cha gigabaiti 10. Sasa zimebaki gigabaiti 104 wazi, na mstari umerudi kuwa wa buluu.

Jioni za wiki hii nimekuwa nikizipanga faili za nakala ile ya zamani, iliyonipa picha ya kwanza, kwa ukubwa na kuzifungua moja moja. Hadi jana usiku nilikuwa nimepata picha 147. Zilizobaki 65 hazimo, kwa kuwa zilipigwa baada ya tarehe ambayo simu ile ilinakiliwa mara ya mwisho. Nilimpigia dada yangu nikamweleza kila kitu, akapekua simu yake na mazungumzo yetu ya zamani, akanitumia tisa.