Fuwele ya kabatini

Jumatatu nimeitoa kabatini ile fuwele niliyoikuta hapa maabara nilipohamia Ulaya. Kuitoa kwenyewe ni kwa glovu na pumzi imebanwa. Ni kipande cha silikoni, urefu wa kiganja, kilichochongwa mabamba matatu membamba yaliyosimama juu ya kitako kimoja, kama mkate uliokatwa vipande bila kisu kufika chini.

Kazi yake ni kukutanisha mawimbi ya nyutroni, chembe za ndani ya atomu ambazo husafiri pia kama mawimbi. Nyutroni ikitoka kwenye kinu cha nyuklia hufika bamba la kwanza, wimbi lake likagawanyika njia mbili. La pili hurudisha njia hizo zielekeane, la tatu huzikutanisha. Katikati unaweka kijibamba cha alumini, unakizungusha kidogo kidogo, na hesabu ya nyutroni inapanda na kushuka. Wanafizikia Rauch, Treimer na Bonse waliliona hilo Vienna mwaka 1974, kwa kinu cha kilowati 250 tu.

Kazi ni kuchonga. Mabamba yakipishana zaidi ya nanoradiani 10 hivi, pembe ndogo mno, mawimbi yanaanza kufifia. Yaani simama Dar, lenga Mwanza, usikosee hata sentimita moja! Uchongaji huacha majeraha juu ya fuwele, kwa hiyo tindikali hulishwa mikromita 30 hadi 60. Ikila zaidi, inakula upande huu kuliko ule, na umbo limekwenda.

Yetu ilikuwa mbovu hivyo. Kilele nyutroni 120, bonde 80. Unahesabu usiku kucha, asubuhi unaletewa kamstari kanakosinzia. Nilimsingizia hata dada wa usafi na toroli lake. Nimeshamwomba radhi.

Kumbe mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba fuwele yao, iliyokwisha kulishwa tindikali, waliitia kwenye tanuri la nyuzi 800 za Selsiasi, na ung'avu wa mawimbi, yaani tofauti ya kilele na bonde ukiigawa kwa jumla yao, ukaruka kutoka asilimia 23 hadi 90. Yetu ilikuwa asilimia 20. Kwa hesabu yangu, asilimia 90 kwetu ingekuwa kilele 190, bonde 10. Nilicheka peke yangu. Mjomba wangu kule Upare, chuma kikimkazia kwa kufuliwa sana, alikirudisha motoni, kisha akakifukia majivuni kipoe taratibu. Sisi tulikuwa tunaongeza tindikali.

Tanuri tumepewa kuanzia Alhamisi. Nimebandika karatasi mlangoni kwa lugha tatu: usifungue. Ya Kiswahili msomaji wake ni mimi, na mimi ndiye ninayeogopewa kufungua.